Matandazo au kokoto? Namna ya kuamua kipande kwa kipande uani kwako

Mtu akishahamia nyumba mpya Dar es Salaam, swali huja mapema: ule mchanga mtupu mbele ya baraza aufunike kwa nini? Fundi atamwambia amwage kokoto nyeupe kama za hotelini. Jirani mwenye mkono wa bustani atamwambia aweke matandazo, yaani majani, nyasi kavu au randa za mbao kwa seremala, kama wanavyofanya wakulima wa nyanya. Mimi nilimsikiliza fundi. Nikamwaga mawe meupe mbele yote, kuanzia ukutani hadi getini, yakapita chini ya tawi la mwembe wa jirani na kuzizunguka iksora zangu 12, vile vichaka vya maua. Mwaka haukwisha iksora zikaanza kuwa manjano, majani ya mwembe yakanasa katikati ya mawe, na ufagio wa chelewa ukawa hauna kazi. Nusu ya mawe yale niliyazoa kwa ndoo, mimi na kijana wa jirani, Jumamosi tatu mfululizo.

Kosa halikuwa la mawe. Kosa lilikuwa kudhani kwamba uwanja mzima unataka jibu moja. Kanuni ninayoifuata siku hizi ni fupi: jiwe liende mahali maji yanapodondoka na miguu inapokanyaga, matandazo yaende mahali mizizi inapokula. Hatua zinazofuata ni za kuifanya kanuni hiyo ifanye kazi kwenye kiwanja chako.

Hatua ya 1: Subiri mvua, utoke nje na mwavuli

Usinunue chochote kabla hujauona uwanja wako ukilowa. Kama ni masika, Machi hadi Mei, una bahati. Vuli nayo inatosha. Simama uangalie mambo matatu. Maji ya paa yanaanguka wapi hasa? Yakishaanguka yanakimbilia upande gani? Na baada ya saa moja, dimbwi limebaki wapi?

Kama mvua iko mbali, chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena, kisha hesabu muda. Kwenye mchanga wa pwani maji ya pili hutoweka ukiwa bado umeshika ndoo. Kwenye udongo mweusi wa mabondeni yanaweza kulala. Shimo likilala na maji, usilifunike eneo hilo kwa matandazo mazito, maana mizizi itaoza. Tengeneza kwanza njia ya maji. Shimo likinywa maji kama lina kiu ya mwaka, basi hapo matandazo ndiyo yatakayokuokoa na bili ya maji, au na gharama ya boza, lile gari la kuuza maji.

Siku ya jua, saa nane mchana, rudi tena uangalie ni wapi pana kivuli na ni ukuta upi unaopigwa na jua la magharibi. Utahitaji kujua hilo.

Hatua ya 2: Ugawe uwanja kwa chaki, au kwa kamba

Anza na ukanda unaozunguka nyumba, sentimita 50 hadi 60 kutoka ukutani, au zaidi kidogo kama upenu wako umetoka mbele. Huu ni wa kokoto, na sina ubishi juu yake. Nyumba isiyo na gata hupigwa na maji ya paa palepale kila mvua. Udongo huruka ukachafua rangi ya ukuta, na mfereji hujichimba wenyewe chini ya msingi. Kokoto huvunja nguvu ya tone. Faida ya pili ni mchwa. Mchwa wanapopanda nyumbani hujenga vijia vya udongo ukutani, na ukanda wa mawe ulio wazi hukuonyesha kijia mapema. Matandazo yaliyogusa ukuta huwaficha, tena huwawekea unyevu wanaoupenda. Faida ya tatu ni ya nyoka, nitairudia.

Njia za kupita, mahali pa kuegesha pikipiki, chini ya bomba la nje, kuzunguka tangi la maji: kokoto pia. Ukiweka randa chini ya bomba utakuwa unakanyaga uji.

Matuta ya maua, miti ya matunda, ua wa michongoma, migomba na mipapai nyuma ya jiko: matandazo. Hapo mimea inakula, na kinachooza juu ya udongo ndicho chakula chenyewe. Ukipita vijijini Kagera utaona jambo hili lilivyo la zamani. Kibanja cha Wahaya kimelishwa vizazi na vizazi kwa nyasi na majani ya migomba yanayotandazwa chini ya migomba hiyohiyo, kwenye udongo ambao kwa asili si tajiri.

Kuna vipande vya utata. Chini ya mti unaopukutisha sana, kama mwembe, mkungu au mwarobaini, watu hupenda kuweka mawe kwa sababu ukoka hauoti kivulini. Usifanye hivyo. Kila jani linaloanguka juu ya mawe ni la kuokotwa. Likianguka juu ya matandazo ni la kuachwa. Nayo mimea ya ukame, kama shubiri, mkonge wa mapambo na waridi la jangwani, huoza shina ikikumbatiwa na majani mabichi. Hiyo iwekee changarawe.

Ule ukuta wa jua la magharibi uangalie kwa makini. Mawe hunywa joto mchana na kulitema usiku. Ukiyamwaga mita tano kwa tano mbele ya dirisha la chumba cha kulala, utayasikia saa tatu usiku ukiwa kitandani. Mawe meupe hayashiki joto sana kama meusi, lakini hurudisha mwanga, na mwanga huo huingia dirishani na kuchoma majani ya chini ya mimea iliyo karibu. Acha ukanda mwembamba wa mawe, kisha mbele yake panda kitu.

Hatua ya 3: Ukichagua jiwe, nenda na ndimu

Majina yanachanganya, kwa hiyo angalia kitu chenyewe. Kokoto za kusagwa, zile za nusu inchi na robo tatu zinazotumika kwenye zege, zina kona. Hukaa mahali pake ukizikanyaga. Changarawe na mawe ya mtoni ni ya mviringo, mazuri kwa macho, lakini njiani huteleza chini ya kiatu na mama mtu mzima anaweza kuanguka. Mawe meupe ya mapambo yanayouzwa kwa mfuko mara nyingi ni marumaru au chokaa iliyovunjwa. Na kuna mawe ya matumbawe, ambayo kwa sisi wa pwani na kwa watu wa Unguja yapo sehemu nyingi.

Hapa ndipo zilipougulia iksora zangu. Marumaru, mawe ya chokaa na matumbawe yote yana chokaa ndani yake. Mvua huilamba kidogokidogo ikashuka kwenye udongo, udongo ukapoteza uchachu, na mimea inayopenda uchachu ikashindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yapo. Dalili yake huwezi kuikosea: majani machanga huwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Iksora na gadenia ni wa kwanza kulalamika. Bogenvilia huvumilia zaidi.

Kipimo ni cha jikoni. Chukua jiwe moja, likwaruze kwa msumari upate unga kidogo, likamulie ndimu au limiminie siki. Likitoa povu, lina chokaa. Lisipotoa povu, kama zilivyo kokoto nyingi za kijivu za mwamba mgumu, liweke popote. Jiwe la povu si haramu. Liweke njiani au ukutani, mbali na mizizi ya iksora. Na kama nyumba ni mpya, chimba kidogo karibu na msingi kabla ya kumlaumu muuza mawe: mabaki ya saruji na lipu yaliyofukiwa na mafundi yana tabia ileile ya chokaa.

Mawe na makombe ya ufukweni usiyachukue, hata kama yapo ya bure. Yana chumvi, na fukwe zetu zinaliwa na bahari vya kutosha bila sisi kuzipunguza kwa ndoo.

Hatua ya 4: Ukichagua matandazo, chagua yanayopatikana kwenu

Kizuri zaidi ni kile unachokichoma moto kila asubuhi. Nasema hivyo nikijua uchungu wake: kwetu uwanja uliofagiliwa hadi ukaonyesha michirizi ya ufagio ni heshima ya mwenye nyumba, na majani yaliyolala chini ni uvivu. Sikwambii uache kufagia. Fagia njia na baraza, kisha yale majani, badala ya kuyapeleka kwenye moto, yapeleke chini ya mti.

Nyasi kavu ni nzuri na nyepesi kupata, ila zikatwe kabla hazijatoa mbegu, la sivyo umepanda magugu kwa mkono wako. Kwa joto la pwani huisha upesi. Nategemea kuongeza kila msimu wa mvua.

Randa za seremala hudumu zaidi. Zitandaze juu tu, usizichanganye na udongo, kwa sababu vijidudu vinavyoozesha mbao vitakopa naitrojeni ya udongo na mimea yako itadumaa kwa muda. Muulize seremala mbao ni za aina gani. Nguzo na mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, ambazo mara nyingi zina rangi ya kijani kwa mbali, randa zake hazifai bustanini, hasa penye mboga.

Pumba za mpunga hupatikana kwenye mashine za kukoboa, nyingi na kwa bei ndogo. Ubaya wake ni kwamba huelea. Mvua moja ya masika ikizikuta kwenye mteremko, utazikuta kwa jirani. Ziweke pale tu palipo na ukingo. Wa Moshi na Mbinga wana maganda ya kahawa. Yakae kwanza yapoe na kuoza kidogo kabla ya kutandazwa.

Makumbi ya nazi ndiyo ninayoyapenda mimi. Hayaliwi haraka na mchwa, hayapeperuki, hushika maji kama sifongo. Lakini yakate vipande na uyapange mgongo juu, tumbo chini. Kumbi lililokaa kama bakuli hukusanya maji ya mvua, na kifuu ni kibaya zaidi. Mbu wa dengi hutaga humohumo. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019, kwa hiyo hili si la kupuuza kwa ajili ya urembo.

Kama una minazi, usirundike samadi au magogo yanayooza chini yake. Yule mbawakawa mweusi mwenye pembe anayetoboa mioyo ya minazi huzaliana kwenye marundo ya namna hiyo. Tandaza nyembamba, usirundike.

Hatua ya 5: Piga hesabu kabla ya kuita kirikuu

Hesabu ni urefu mara upana mara kina, vyote kwa mita. Ukanda wa mawe wa urefu wa mita 12, upana mita 0.6 na kina cha sentimita 5 ni 12 × 0.6 × 0.05, yaani meta za ujazo 0.36. Kwa ndoo za lita 20 hizo ni ndoo 18. Meta moja ya ujazo ya kokoto ina uzito wa tani moja na nusu hivi, kwa hiyo ukanda huo ni kama nusu tani; kirikuu kimoja, kile kigari kidogo cha mizigo, kinatosha. Ukitaka kufunika uwanja wa mita 10 kwa 10 kwa kina hichohicho, unazungumzia meta tano za ujazo na zaidi ya tani saba, na siku ukibadili mawazo tani hizo hazitatembea zenyewe.

Tuta la maua la mita 10 kwa 1.5, matandazo ya sentimita 8, linataka meta 1.2 za ujazo, au magunia 12 yenye lita mia hivi kila moja. Ongeza moja au mawili, kwa sababu matandazo hukaa chini baada ya wiki.

Unapolinganisha bei, usilinganishe ya leo peke yake. Jiwe unalipa mara moja, na kitambaa chake, na ukingo wake. Matandazo unalipa kidogo kila mwaka, au hulipi kabisa kama una mti. Mpangaji asimwage kokoto kwenye uwanja wa mwenye nyumba, hatazihamisha.

Hatua ya 6: Maliza ndago kwanza

Hapa ndipo wengi hulala. Ndago, lile gugu lenye majani membamba ya kung'aa na vijinundu vyeusi chini, halizuiliwi na matandazo wala mawe. Ncha yake hutoboa nailoni. Ukilikata juu unaliamsha. Ukilivuta, kinundu hubaki. Mwagilia eneo, chimba kwa reki au jembe uma, fuata kila uzi hadi kwenye kinundu, uvitoe. Subiri wiki mbili, yatachipua yaliyobaki, chimba tena. Mimi hufanya mara tatu. Magugu mengine ya mbegu hayana ubishi huo. Yakinyimwa mwanga yanakufa.

Hatua ya 7: Kuweka kokoto

Chimba sentimita 5 hadi 7, ili mawe yakishajaa yalingane na ardhi au yawe chini yake kidogo. Sawazisha, mwelekeo uwe wa kutoka ukutani kwenda nje. Shindilia.

Weka ukingo: tofali zilizolala, vipande vya pevingi, au mawe makubwa yaliyofukiwa nusu. Kokoto bila ukingo huhama. Baada ya miezi sita utaziona sebuleni.

Chini yake tandika kitambaa cha kuzuia magugu, kile kinachopitisha maji. Kwenye mchanga kitambaa kina kazi kubwa kuliko ya magugu: bila hicho mawe huzama polepole na mchanga hupanda. Nailoni nzito usitumie, maana maji hayapiti, yatatuama au yatarudi ukutani. Viroba vya unga navyo nimeviona vikitumika. Pembeni, pale jua linapovifikia, huchakaa vikawa nyuzinyuzi zinazoruka bustani nzima.

Osha kokoto kwa maji kabla ya kumwaga. Vumbi lake likishuka hukaa juu ya kitambaa, likageuka udongo, na magugu yakaota humo.

Hatua ya 8: Kutandaza matandazo

Hii ni rahisi. Mwagilia udongo vizuri, kisha tandaza sentimita 5 hadi 8. Nyasi ndefu zinaweza kuanza na 10 kwa sababu hulala. Kuzunguka mti, tandaza kama ngata ya kubebea ndoo kichwani: pana pembeni, katikati wazi. Acha kiganja kizima cha nafasi, sentimita 10 hivi, kati ya matandazo na shina. Shina lililozikwa huoza gome, na mpapai hautakupa muda wa kujuta.

Usiweke kitambaa chini ya matandazo. Kazi yake ni kuungana na udongo. Ukiweka pazia katikati umekata mazungumzo.

Kwenye mchicha uliopandwa kwa mbegu, subiri miche isimame kwanza.

Nyoka

Nilisema nitalirudia. Bibi yangu hakutaka jani hata moja karibu na mlango, na sababu yake ilikuwa hiyo. Hakukosea. Nyoka hafuati majani. Anafuata panya na vyura, na anapenda mahali pa kujificha. Ukanda wa kokoto ndogo kuzunguka nyumba, uliosafi, unafanya kazi ileile ya uwanja wake uliofagiliwa: kinachopita juu yake kinaonekana. Mawe makubwa yaliyopangwa kimapambo, yenye mianya, ni nyumba nzuri ya nyoka kuliko sentimita 6 za makumbi. Weka taa upande huo, na usitie mkono kwenye matandazo bila kuyapekua kwanza kwa reki.

Baada ya mvua ya kwanza

Toka tena na mwavuli. Pale kokoto zilipokusanyika upande mmoja, maji yana nguvu kuliko ulivyodhani. Panahitaji gata, au mawe makubwa zaidi. Pale matandazo yalipoelea, inua ukingo. Ukiona mchwa ndani ya matandazo ya katikati ya bustani, waache wale, ndiyo kazi yao. Ukiona kijia cha udongo kimevuka ukanda wa mawe kwenda ukutani, kivunje, na kesho yake uangalie kama kimejengwa tena. Kikijengwa, mwite mtu wa dawa siku hiyohiyo.

Iksora zangu, kwa anayeuliza: niliondoa mawe meupe, nikachanganya mboji na udongo wa juu, nikafunika kwa makumbi. Nane zilirudi kijani baada ya masika mawili. Nne sikuziokoa, na mahali pake nimepanda bogenvilia.